Barua ya Saba Hatukuisoma

Baba Upendo, mume wangu,

Huko uliko hakuna posta wala mtandao, na wewe hata ulipokuwa hai ulikuwa mvivu wa kujibu meseji, kwa hiyo sitakuuliza hujambo. Naandika hivi waziwazi, anayetaka kusoma asome, maana yaliyotokea hapa Bungu tangu tukuzike si ya kufunikwa na kanga. Wakisema Mama Upendo ana mdomo, waseme. Ulinioa nao.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa kijiji alikuja nyumbani. Akavua kofia, akakaa kwenye kile kigoda chako karibu na cherehani yangu, akaanza kuzunguka mbuyu kwa habari za mvua na korosho. Nikamwambia, mwenyekiti, sema. Akasema, "Dada yangu, kiwanja cha kanisa alipewa mumeo kwa mdomo, mbele ya wazee. Mumeo hayupo. Wenzenu kila upande unakuja kwangu kukidai, na mimi dini yenu siijui. Neno ni lako. Wape hawa, wape wale, au kirudi kijijini, maana jengo lenyewe limefungwa na nyasi zimefika dirishani." Nikamuuliza, na aliyelala nyuma ya hilo jengo? Akainama, akasema kaburi litaheshimiwa. Unajua mtu anavyosema jambo ambalo hana uhakika nalo.

Basi ndiyo hali. Kanisa ulilolihangaikia miaka yote hiyo limeachwa mkononi mwa mwanamke mwenye hasira.

Nakumbuka tulipotoka Ngorongo. Wewe bwana shamba, mimi mke wa bwana shamba, Wakristo wawili katika kijiji kizima. Jumapili tulikuwa tunakaa sebuleni, unasoma wewe, naimba mimi, na jirani zetu wakipita wanasema "Walimu, mmeanza?" kwa heshima kabisa, kama vile tuko kumi na mbili. Mto ulipofurika ukachukua mpunga wa watu na nyumba yetu pamoja, tukalala kwa jirani mpaka uhamisho wa kuja Bungu ulipotoka. Ulisema, "Mke wangu, huko nasikia Wakristo wapo. Tutakuwa na watu." Ulifurahi wewe! Nilikuonea huruma jinsi ulivyofurahi.

Tukawakuta. Walimu, wauguzi, askari wawili watatu, mama wa duka la dawa, wote watu wa kuja, leo wapo kesho wamehamishwa. Ukaomba kiwanja, kijiji kikakupa. Jengo la mabati likasimama, na kwa kuwa hatukuwa na uwezo wa majengo mawili, madhehebu mawili yakaingia humo humo. Wa asubuhi na wa mchana, ndivyo tulivyoitana. Wewe tangu zamani ulibatizwa katika dhehebu la wa asubuhi, ukafunga ndoa nami katika la wa mchana, ukawa unasali kote kote, mpaka mtani wako Mzee Mkumba akawa anakucheka. "Mngoni, wewe Mungu wako ni kiziwi nini? Unamrudia neno lile lile mara mbili kwa siku!" Nawe unamjibu, "Mmatumbi, nyamaza, ninyi mnamrudia mara tano." Mkishikana mabega mnacheka mpaka machozi, na bado mnatukanana.

Kisha ukaleta lile wazo lako la Jumatano. Alasiri, watu wakitoka kazini, wa asubuhi na wa mchana pamoja, tusome zile barua saba za kwenye Ufunuo, zilizopelekwa kwa makanisa ya kwanza kule Asia. Barua moja kila Jumatano. Ukisha kusoma, unafunga kitabu, unauliza, "Haya. Bungu iko wapi humu?" Na ukaweka sharti: kila anayejibu aanze na "mimi". Hakuna kusema "watu wengine".

Ya Efeso ilitupiga. Kanisa lenye bidii, lenye kuchapa kazi, kumbe upendo wa mwanzo limeuacha nyuma. Mama Glory, muuguzi wetu wa zahanati, kiongozi wa wa mchana, alisema, "Mimi siku hizi nikimchoma mtoto sindano hata simuulizi jina." Ya Smirna, kanisa maskini lenye dhiki, tukaipenda bure, kila mtu akajiona ni Smirna, na sisi wawili tukataja mafuriko yaliyotufundisha ufukara. Ulitutania kweli siku ile: "Barua ya kusifiwa mmeipokea haraka, hata bahasha hamkuichana vizuri."

Ya Pergamo ndiyo ilianza kunuka. Lile kanisa lilikaa mahali ambapo, barua inasema, Shetani ana kiti chake. Mwalimu Tuzo, mkuu wa wa asubuhi, unamjua alivyo na sauti ya darasani, akasimama akasema, "Hapa hakuna haja ya kutafuta. Tumezungukwa." Akaelekeza kidole dirishani, kule kwenye msikiti. Na pale nje, Baba Upendo, Bi Somoe jirani yetu alikuwa anatupitishia ndoo ya maji ya kunywa, kwa sababu kisima chetu kilikuwa kimeharibika. Sijui kama alisikia. Aliweka ndoo akaenda zake.

Sijawahi kukuona umekasirika vile. Hukupiga kelele, uliongea polepole. "Mwalimu, barua hii iliandikwa kwa kanisa. Haikuandikwa kwa jirani wa kanisa. Mtu akiletewa barua yake akaisoma kama ya mwenzake, hiyo hajaisoma." Tuzo akakaa. Lakini kukaa kwake nilikuona. Alikaa kama mtu aliyewekewa deni.

Ya Thiatira ilipita salama, halafu tukafika Sardi. Kanisa lenye jina la kuwa hai kumbe limekufa. Wewe ukauliza swali lako, na kabla hujamaliza, mtu wa asubuhi akasema hii ni ya wa mchana, wanapiga ngoma na kuruka lakini maisha yao tunayajua. Mama Glory naye akaruka, "Mimi" kaisahau mlangoni. Akasema waliokufa ni wale wanaosinzia kwenye ibada ya asubuhi mpaka wanakoroma. Ehee! Kumbe kila upande ulikuwa umeshazigawa barua zote saba nyumbani. Wa asubuhi walijichukulia Filadelfia, kanisa lisilolaumiwa, wakawaachia wenzao Laodikia, lile lililo vuguvugu linalotapikwa. Wa mchana nao hivyo hivyo, ila kinyume. Wenzetu wanaamka na chai, hawa waliamka na hukumu. Mzee Mkumba alipopata habari alisema nyani haoni kundule, na kwa mara ya kwanza hukumjibu utani wake.

Jumatano iliyofuata tulikuta kufuli jipya mlangoni. La wa asubuhi. Ya pili yake, kufuli la pili juu ya lile la kwanza, la wa mchana. Barua ya Filadelfia na ya Laodikia hazikusomwa. Ulisimama pale kwenye mabati umeshika Biblia, mimi nimeshika mkoba wako, na watoto wa madrasa wanapita wanatusalimia, "Shikamooni." Ukawaitikia vizuri tu.

Haukupita muda mrefu, kiharusi.

Mume wangu, sitaki kuyaandika yale lakini nitayaandika. Mkono wa kulia ulikufa, mguu ukafuata, maneno yakaondoka. Mwanaume aliyekuwa anafundisha wakulima wa bonde zima kupanda mpunga kwa mstari, akawa anadondokwa na mate kwenye kanga yangu. Ulibaki na macho. Masika yote ulilala pale chumbani, kitanda nimekigeuza utazame mlango, kwa sababu nilipokigeuza kwingine ulilia. Bi Somoe alikuja kila siku. Kila siku ya Mungu! Uji wa mchele, mafuta ya nazi ya kukukanda, na maneno yake, "Mja hana lake, shoga, sisi tumo tu." Mzee Mkumba akawa anakuja kukutukana, anakuambia, "Mngoni, unajilaza ili nikulimie shamba? Huna haya." Ulikuwa unacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Wa kwetu je? Hakuna. Si wa asubuhi, si wa mchana. Mwanetu Upendo alitoka Mbeya kuja kukuuguza akaniuliza, "Mama, kanisa liko wapi?" Nikamwambia liko na makufuli mawili.

Ukaondoka asubuhi moja mvua ikiwa imekatika. Wa kwenu Songea walitaka tukusafirishe, lakini kabla ulimi haujafa ulishaniambia, na Upendo akisikia, kwamba uzikwe pale kiwanjani, nyuma ya mabati. Ndipo wakaja. Wote! Mavazi safi, vitabu vya nyimbo kwapani. Na pale pale, jeneza lako likiwa kwenye benchi mbele ya mlango uliofungwa, wakaanza kuvutana nani aongoze ibada. Huyu tulimbatiza sisi. Huyu tulimwozesha sisi. Jua linapanda. Majirani zetu Waislamu walikuwa wameshamaliza kuchimba, wamesimama na majembe yao, wanatazama chini kwa aibu, aibu ya kwetu wameibeba wao. Kwao maiti haisubirishwi. Nilitaka kuinuka pale mkekani nikawachape makofi mmoja mmoja, Bi Somoe akanishika kiuno.

Basi Mzee Mkumba akavua kofia yake, akampa mtu, akashuka kaburini. Akalala. Chali, mikono kifuani! Haki ya mtani hiyo, hakuna wa kumkataza. Sauti ikatoka chini, "Endeleeni na mkutano wenu, kaburi limeshapata mtu." Watu wakapigwa na butwaa, kisha vicheko, kisha vilio juu ya vicheko. Tuzo akasogea, akasema, "Mzee, tafadhali, toka." Akajibiwa, "Sitoki. Mngoni huyu ni wangu, nimemtukana miaka yote kwa mapenzi, ninyi mmempenda vipi? Mkishindwa kumzika kwa dini yenu, semeni, nitamzika kwa yangu, na akifika mbele ya Mungu atajieleza mwenyewe." Mtani huwa anapozwa kwa hela kidogo ndipo atoke; wakampa, akawarushia hela zao. Alitoka pale Tuzo na Mama Glory waliposimama upande mmoja na kusoma pamoja, haraka haraka. Alipopanda juu niliona analia, mzee wa watu, udongo umemjaa kwenye ndevu.

Ulizikwa hivyo. Kesho yake makufuli yalikuwa bado yapo.

Sasa turudi kwa mwenyekiti na neno lake. Nilikaa nalo siku kadhaa, nikishona sare za shule za watu na kukosea mishono. Mawazo yangu, nikuambie kweli, yalikuwa kukirudisha kile kiwanja kijijini, nikusanye cherehani yangu, nipande basi niende kwa Upendo. Nani angenilaumu? Kilichonizuia ni wewe kuwa pale chini. Na kilichonizuia kingine ni zile barua mbili. Ulikuwa mtu wa kumaliza jambo. Shamba usipolipalilia lote ulikuwa hulali.

Nikawaita. Jana, Jumapili, saa nne, wa asubuhi na wa mchana, kila upande na ufunguo wake. Walikuja wakidhani nakuja kutoa kiwanja. Nilijua kwa walivyonichangamkia. "Mama yetu!" Mama yenu tangu lini? Makufuli yakafunguliwa. Ndani popo wamefanya kwao, harufu mbaya, vumbi. Hakuna aliyefagia. Walikaa, hawa kulia, hawa kushoto, kama wageni wa harusi wasiojuana.

Nikawaambia, kiwanja baadaye. Tulibakiza barua mbili. Nikasoma ya Filadelfia, kanisa lenye nguvu kidogo lililowekewa mlango wazi ambao hakuna awezaye kuufunga. Watu wakatazama makufuli yaliyokuwa sakafuni. Kisha nikasoma ya Laodikia. Vuguvugu. Wanasema sisi ni matajiri hatuhitaji kitu, kumbe ni maskini, vipofu na uchi. Na nikafika pale mwishoni, ambapo Bwana mwenyewe aliyeandikisha barua yuko nje, anabisha, anangoja mtu asikie sauti yake amfungulie.

Nikashindwa kuendelea. Nikafunga Biblia, nikawaambia. Sikupanga, Baba Upendo, yalitoka. Nikawaambia jinsi pikipiki ya Mwalimu Tuzo ilivyokuwa inapita mbele ya nyumba yetu kila asubuhi kwenda shule, na wewe ulivyokuwa unaijua sauti yake. Ukiisikia inatokea kule barabarani, unaacha kumeza uji, unatazama mlango. Inapita. Unaendelea kutazama mlango. Jioni inarudi, unatazama mlango. Nikawaambia, "Mume wangu amekufa anatazama mlango. Alikuwa anawangoja ninyi, wote, na hakuna hata mmoja aliyeingia. Bungu iko wapi humu? Haya, jibuni."

Popo tu walikuwa wanakwaruza mabati. Mwisho Tuzo akasema, na ile sauti ya darasani haikuwepo, "Nilisema nikija watadhani nimekuja kumvuta upande wetu." Mama Glory akajifunika uso kwa kanga, akasema, "Na mimi nilisema hivyo hivyo." Ndiyo sababu hiyo, mume wangu. Yote yale, sababu yenyewe ndiyo hiyo! Nilidhani labda walikuchukia. Ningeelewa chuki.

Mama Glory akaja mbele akapiga magoti. "Dada, tusamehe." Nikamwambia, "Leo siwezi." Nikatoka nikawaacha, mlango wazi, nikapita kwako nikang'oa magugu mawili matatu, nikaenda nyumbani.

Usinisifu. Nilijisikia vizuri njia nzima, nilijisikia nimewaweza. Nilipofika nikajifungia. Na hawakukawia kunifuata. Jana jioni alikuja Mama Glory. "Hodi! Hodi wenyewe! Hodi humu!" Mara tatu kama ilivyo ada, mtu asipoitikiwa anajua hatakiwi, anaondoka. Nilikuwa nimekaa kitandani kwako, nasikia, nimebana pumzi kama mwizi. Akaondoka. Bi Somoe, ambaye haingilii ya watu, alinipazia sauti juu ya ukuta wa uani, "Shoga, we! Mgeni hodi tatu anasikika mpaka kwangu, wewe umelala?" Nikamwambia kichwa kinaniuma.

Kichwa hakikuniuma. Nilikuwa nataka waonje. Wasimame juani mlangoni kwangu wangoje sauti, kama wewe ulivyongoja. Nilikuwa naona ni haki yako ninayoidai. Usiku nikaisoma tena ile barua ya saba peke yangu, na swali lako likanijia, na sharti lako nalo. Nilitafuta wa kumpa hiyo barua, nikakosa. Aliye ndani, mlango umefungwa, anasikia anaitwa na haitikii, ni nani? Mimi. Nimekaa humu nikajiona nina haki yote, sihitaji kitu kwa mtu.

Lakini sikiliza, kujua si kuweza. Ukiniuliza sasa hivi kama nimewasamehe, sijasamehe. Nikiona zile nguo zao safi za mazishi, moyo unanipanda. Nina uchungu na wewe pia, kwa kunipa watu wa namna hii kuwa urithi. Mwenyekiti anasubiri neno langu, na najua nikiwakataa wale, kanisa lako limekwisha, na utalala peke yako kwenye kiwanja cha wengine. Na nikiwakubali, itabidi nikae nao benchi moja, niimbe nao, nipokee mkono ule ule uliotia kufuli. Natamani ungeniambia unafanyaje jambo kama hilo. Wewe ulilijua, mimi nilikuwa naandaa chai.

Ngoja.

Kuna mtu uani. Anakohoa. Ni Tuzo, kikohozi chake nakijua.

"Hodi."

Sijaitikia. Nimekaa tu, nakuandikia wewe badala ya kumjibu yeye.

"Hodi, Mama Upendo. Sikuja kwa habari ya kiwanja."

Hiyo ni ya pili. Anasubiri, naona kivuli chake chini ya mlango, amesimama na viatu vya shule. Akisema ya tatu na nisipoitikia ataondoka, na najua hatarudi tena, na mwenzake hatarudi, na mimi sitakuwa na sababu ya kuwaita.

Baba Upendo, sijamsamehe. Sina la kumwambia. Naenda kumfungulia.

Lala salama, mume wangu.

Mkeo,
Mama Upendo